Chumba cha Bustanini: Jinsi ya Kukisanifu Kiwe Sehemu ya Nyumba

Chumba cha bustanini ni chumba kinachojengwa uani, ama kikiwa kimejitenga na nyumba kubwa ama kikiwa kimeegemea ukuta wake mmoja, ili kibebe shughuli ambazo vyumba vya ndani vimeelemewa nazo: kazi za ofisini, masomo, ushonaji, mazoezi ya muziki, mapumziko ya jioni au malazi ya mgeni. Kinachokitofautisha na stoo si ukubwa wala uzuri wa milango yake, bali ni kwamba mtu anaweza kukaa humo saa nyingi, jua likiwaka au mvua ikinyesha, bila kutamani kurudi ndani.

Vyumba vya namna hii hugeuka stoo kwa urahisi mno, na mara nyingi kosa si la fundi. Changu cha kwanza kiliishia hivyo. Nilikiweka mwisho kabisa wa kiwanja kwa sababu nilitaka utulivu, fundi akakijenga vizuri, kuta zikasimama wima na paa halikuvuja hata tone. Lakini hapakuwa na njia iliyosakafiwa, jua la alasiri lilipenya moja kwa moja hadi mezani, na msimu wa mvua ulipoanza kila safari ya kwenda huko ilidai viatu vya kubadilisha. Kufikia msimu wa pili chumba kilikuwa kimejaa baiskeli mbili, ndoo za rangi na godoro kuukuu. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na mambo ambayo mchoro wa jengo peke yake hauyaonyeshi, yaani safari ya kutoka nyumbani hadi chumbani, jua na maji, ndipo ufike kwenye msingi, kuta na paa.

Hatua ya kwanza: Amua kazi ya chumba, kisha pima samani

Andika kwa sentensi moja kazi kuu ya chumba, na chini yake kazi moja ya ziada ambayo utairuhusu. Chumba kinachotakiwa kiwe ofisi, ukumbi wa mazoezi, mahali pa kulaza wageni na karakana kwa wakati mmoja hakitafaa kwa lolote kati ya hayo, kwa kuwa kila kazi ina mahitaji yake ya mwanga, ukimya na nafasi. Anayepiga ngoma anahitaji kuta nzito na madirisha machache. Anayechora anahitaji mwanga mwingi usio na jua kali. Anayelaza mgeni anahitaji choo karibu.

Baada ya hapo usianze na ukubwa wa jengo, anza na ukubwa wa vitu vitakavyokaa ndani. Meza ya kazi ya kawaida huwa na urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60, na nyuma yake huhitajika sentimita 80 hivi ili kiti kivutwe na mtu ainuke bila kugonga ukuta. Kitanda cha mtu mmoja huchukua karibu sentimita 90 kwa 190. Sehemu ya kupita watu iwe na upana wa sentimita 90, na isipungue 60 hata pale nafasi inapobana. Chora sakafu kwa kipimo cha 1:50, ambapo sentimita 2 za karatasi ni mita 1 ya ardhini, kisha kata vipande vya karatasi vyenye vipimo vya samani zako na uvisogezesogeze juu ya mchoro hadi mpangilio ukubalike.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Vipimo vinavyotajwa wakati wa makubaliano huwa mara nyingi vya nje, ilhali samani hukaa ndani. Ukuta wa tofali la sentimita 15 pamoja na lipu pande zote mbili hufikia karibu sentimita 17 au 18, na kuta mbili zinazotazamana hula karibu sentimita 35. Chumba kinachoitwa cha mita 3 kwa 3 kwa nje hubaki na mita 2.65 kwa 2.65 kwa ndani, yaani kutoka mita za mraba 9 hadi 7 tu. Kwa hiyo kila kipimo kinachoandikwa kwenye mchoro kitajwe waziwazi kama ni cha ndani au cha nje.

Katika mwongozo huu nitatumia mfano wa chumba cha mita 4 kwa 3, ambacho kinatosha meza moja ya kazi, rafu na kochi la watu wawili.

Hatua ya pili: Chagua mahali kwa kukaa, si kwa kutazama

Chora ramani ya kiwanja chote. Onyesha nyumba pamoja na milango na madirisha yake, mipaka, miti, tangi la maji taka, mabomba yaliyofukiwa, nyaya za umeme za juu na za chini, na mahali ambapo maji hukusanyika baada ya mvua. Jambo hili la mwisho halionekani siku ya kiangazi. Subiri mvua kubwa inyeshe, utoke na mwavuli, utazame maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Palipo na dimbwi leo ndipo sakafu itakapotoa unyevu kesho.

Baada ya kupata sehemu mbili au tatu zinazofaa, peleka kiti katika kila moja ukakae angalau nusu saa asubuhi, mchana na alasiri. Zoezi hili linaonekana la kitoto, lakini hakuna mchoro utakaokuambia kwamba pampu ya jirani hunguruma kila saa kumi, kwamba moshi wa jiko hupitia hapo, au kwamba ukiinua macho unatazamana na dirisha la chumba cha kulala cha mtu mwingine. Ukiwa umekaa, hesabu hatua kutoka mlango wa nyumba hadi kitini. Kadiri safari inavyokuwa ndefu ndivyo chumba kinavyohitaji kujitosheleza zaidi, kwa sababu mtu anayelazimika kutembea mita 30 kufuata maji ya kunywa au choo ataacha kwenda. Maoni yangu ni kwamba kwa chumba kitakachotumiwa kila siku, mita 10 kutoka mlangoni ni bora kuliko 30, hata kama ile sehemu ya mbali ina mandhari nzuri zaidi.

Kisha rudi ndani ya nyumba usimame kwenye kila dirisha linalotazama uani. Jengo jipya litaziba nini? Chumba kilichosogezwa karibu mno na dirisha la jikoni kinaweza kuongeza nafasi upande mmoja huku kikipunguza mwanga na hewa upande mwingine, na hasara hiyo hairekebishiki baada ya ujenzi. Vigingi vinne virefu na kamba vikisimamishwa kwa urefu halisi wa jengo vitakupa jibu kwa dakika chache.

Kuhusu miti, kumbuka kwamba mizizi huenea mbali kuliko watu wanavyodhani, mara nyingi kupita kivuli cha matawi. Kuchimba msingi wa kamba, yaani mtaro wa msingi unaofuata mstari wa kuta, karibu na shina kunaweza kuua mti, na mti uliobaki hai unaweza kunyanyua sakafu. Ikiwa mti ndio sababu ya wewe kupapenda mahali hapo, panga kutumia msingi wa nguzo fupi, ambao hukata mizizi michache zaidi.

Hatua ya tatu: Ulizia kibali kabla ya kuzungumza na fundi

Sheria za ujenzi hutofautiana kutoka mamlaka moja hadi nyingine, kwa hiyo nenda kwenye ofisi ya halmashauri inayohusika na kiwanja chako uulize mambo manne: umbali unaotakiwa kuachwa kutoka mpakani, kimo cha juu kinachoruhusiwa, sehemu ya kiwanja inayoweza kufunikwa na majengo, na iwapo masharti hubadilika chumba kikitumiwa kulala au kikiwa na choo. Swali la nne husahauliwa mara nyingi, ingawa sehemu nyingi hukiona chumba cha kulala kuwa makazi na kukitaka kitimize masharti makali zaidi. Majibu uyapate kwa maandishi.

Hatua ya nne: Sanifu kwa kufuata jua na upepo

Hii ndiyo hatua inayoamua kama chumba kitakalika, nayo haiongezi gharama yoyote ikiwa itafanywa kwenye karatasi. Jua huchomoza mashariki likiwa chini na huzama magharibi likiwa chini, na jua lililo chini hupita chini ya upenu wowote. Ndiyo maana ukuta wa magharibi ndio mkorofi kuliko zote: hupigwa na miale ya moja kwa moja wakati ambapo hewa yenyewe imekwisha kupata joto la kutwa nzima. Elekeza kuta ndefu za chumba kaskazini na kusini, kuta fupi zibaki mashariki na magharibi, na magharibi usiweke dirisha kubwa isipokuwa kama kuna sababu isiyoepukika.

Upande ambao jua la mchana huinamia hutegemea latitudo. Mbali upande wa kusini wa dunia, jua la mchana huwa kaskazini. Mbali upande wa kaskazini, huwa kusini. Na karibu na Ikweta huwa juu ya utosi na kuhama upande kulingana na miezi, hivyo pande zote mbili huhitaji kivuli. Katika nchi za baridi mpangilio hugeuka, kwa maana kwamba kioo kikubwa huelekezwa kwenye jua la mchana ili kukusanya joto lake.

Urefu wa upenu usiachiwe mazoea ya fundi. Jua likiwa nyuzi 60 juu ya upeo na likiutazama ukuta uso kwa uso, upenu wa sentimita 70 hutia kivuli karibu sentimita 120 za ukuta ulio chini yake, kiasi kinachotosha dirisha la kawaida. Jua hilohilo likishuka hadi nyuzi 30, upenu uleule hutia kivuli sentimita 40 tu. Kwa hiyo upenu hutosha kaskazini na kusini, lakini mashariki na magharibi unahitaji kinga inayosimama: ukuta wa matofali ya matundu, mbao zilizopangwa wima kwa nafasi, mti, au mmea unaotambaa kwenye waya uliotengwa na ukuta.

Hewa nayo inahitaji njia ya kuingilia na njia ya kutokea. Madirisha mawili katika kuta zinazotazamana hupitisha upepo kuliko madirisha manne katika ukuta mmoja. Kwa kuwa hewa ya moto hupanda, weka matundu au vidirisha vidogo karibu na dari upande wa juu wa paa, ili ile ya moto itoke huku ya baridi ikiingia kupitia chini. Kanuni nyingi za ujenzi hutaka eneo la vioo lisipungue asilimia 10 ya eneo la sakafu na sehemu inayofunguka isipungue asilimia 5. Kwa chumba chetu cha mita za mraba 12 hiyo ni mita za mraba 1.2 za kioo, na 0.6 za kufunguka. Vichukulie viwango hivyo kuwa vya chini kabisa. Mimi huanzia maradufu ya hapo, kisha napunguza upande wa magharibi.

Dirisha la kutelezesha hufunguka nusu tu ya upana wake, jambo ambalo huwashangaza wengi siku ya kwanza ya joto. Lile la bawaba hufunguka lote. Popote palipo na mbu, fremu ya nyavu isanifiwe pamoja na dirisha, kwani nyavu zinazopachikwa baadaye kwa misumari hufanya dirisha lisifunguliwe tena. Mahali penye baridi, fedha inayotengwa kwa ajili ya hita itumiwe kwanza kwenye kihami cha joto, yaani tabaka linalozuia joto kupita, katika paa, kuta na sakafu, na kwenye vioo vya tabaka mbili.

Meza ya kompyuta iwekwe ubavuni mwa dirisha. Ukilipa dirisha mgongo, mwanga huakisiwa kwenye skrini. Ukilitazama, macho huchoka kwa mng'ao.

Hatua ya tano: Panga msingi na uweke pembe mraba

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni jamvi la zege, ambalo linafaa ardhi tambarare na ngumu na kuta nzito za tofali. Ondoa udongo wote wa juu wenye mizizi na majani yaliyooza, shindilia kifusi au moramu kwa tabaka la sentimita 15 hivi, tandaza mchanga mwembamba, weka karatasi nzito ya nailoni ya kuzuia unyevu, kisha mwaga zege la unene wa sentimita 10. Kwa mita 4 kwa 3 hilo ni zege la mita za ujazo 1.2. Mchanganyiko uliozoeleka ni sehemu 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto, maji yakiwa machache kadiri inavyowezekana, kwa sababu zege la majimaji ni rahisi kulisambaza lakini hukauka likiwa dhaifu. Lifunike na kulimwagilia maji kwa siku 7. Nguvu yake hupimwa baada ya siku 28. Kuta za tofali huhitaji pia msingi wa kamba unaofika kwenye ardhi imara, na ikiwa udongo wako ni mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, muulize mhandisi kabla ya kuchimba.

Njia ya pili ni nguzo fupi za zege au chuma zinazobeba sakafu ya mbao. Hii inafaa mteremko, sehemu zenye mizizi, na majengo mepesi. Hewa hupita chini na maji hayazuiwi. Masharti yake ni kwamba mbao isiguse udongo hata kidogo, na kwamba kila nguzo iwe na kofia ya bati pana juu yake, ambayo huwalazimu mchwa kujenga njia zao mahali zinapoonekana.

Kwa njia yoyote, uso wa sakafu uwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje, na ardhi inayozunguka iteremke kuondoka jengoni.

Kupata pembe mraba hakuhitaji kifaa. Pima mita 3 upande mmoja wa kona na mita 4 upande mwingine. Ikiwa mstari unaounganisha ncha hizo ni mita 5 kamili, kona ni mraba. Chumba chetu cha mfano kina bahati kwamba ulalo wake wenyewe ni mita 5. Pima lalo zote mbili, na kama zinatofautiana hata kwa sentimita 2, sogeza vigingi sasa, kwani kosa hilo litajitokeza tena kwenye vigae, dari na mabati.

Hatua ya sita: Chagua kuta

Ukuta wa tofali hudumu, huzuia sauti na huchelewesha joto. Lile lililopokewa mchana huingia ndani jioni. Kwa chumba cha kazi za mchana hilo ni jambo jema, kwa chumba cha kulala huenda likawa kero. Usisahau tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi kabla ya kozi (mstari wa matofali) ya kwanza ya ukuta, wala lenta, yaani mhimili unaobeba ukuta juu ya milango na madirisha.

Ukuta wa fremu ya mbao ni mwepesi, hujengwa haraka na hupokea kihami cha joto katikati yake. Nguzo za mbao za sentimita 5 kwa 10 hupangwa kila baada ya sentimita 40 au 60, na si kwa kubahatisha: bodi nyingi za kufunikia zina upana wa sentimita 120, na namba hizo mbili huugawanya upana huo bila kubakiza, hivyo kila ukingo wa bodi hupata mahali pa kupigiwa misumari. Nje ya fremu hukaa karatasi inayozuia maji lakini inayopitisha mvuke, kisha vipande vyembamba vya mbao vinavyoacha uwazi wa hewa, ndipo mbao za nje zifuate. Mafundi wengine huruka uwazi huo ili kuokoa siku moja ya kazi, na mbao huoza kwa ndani huku kwa nje zikionekana nzima. Mbao zote ziwe zimetiwa dawa, na kila ncha inayokatwa kiwanjani ipakwe dawa upya, maana msumeno hufichua sehemu ambayo dawa haikufika.

Kwa wanaohitaji ukimya, sauti hupita pasipo uzito na penye upenyo. Ukuta mzito wenye mlango mwepesi usiofunga vizuri ni kazi bure.

Hatua ya saba: Sanifu paa na njia ya maji

Paa la mteremko mmoja ndilo rahisi zaidi kwa chumba kidogo. Kwa mabati, mteremko wa nyuzi 10 ni mwanzo mzuri, ingawa maelekezo ya mtengenezaji ndiyo yafuatwe. Kwa mteremko huo paa hupanda karibu sentimita 18 kwa kila mita moja ya mlalo. Chumba chetu chenye upana wa mita 3 kikiwa na ukuta mfupi wa mita 2.4, ule mrefu utafika mita 2.93, na tofauti hiyo ndiyo nafasi ya vile vidirisha vya juu vya kutolea hewa ya moto. Vigae huhitaji mteremko mkali zaidi.

Elekeza mteremko mahali ambapo maji yatafaa, kamwe yasielekee nyumba kubwa wala kiwanja cha jirani. Hesabu yake ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 20, tukihesabu na upenu, hupokea lita 600 katika mvua ya milimita 30. Maji mengi hivyo yakiachwa yadondoke kandokando ya msingi huchimba mtaro na kurusha matope ukutani, ilhali yakiwekewa mfereji wa paa na tangi humwagilia bustani. Tangi lifunikwe kwa nyavu ili lisizalishe mbu.

Kwa joto, paa ndilo linalopigwa zaidi kuliko ukuta wowote. Rangi nyeupe au iliyofifia hurudisha sehemu kubwa ya miale. Nafasi kati ya bati na dari iwe na matundu ya hewa yenye wavu. Na juu ya dari kitandazwe kihami. Kihami hichohicho hupunguza kelele za mvua, ambazo juu ya bati tupu zinaweza kukatisha mazungumzo ya simu.

Hatua ya nane: Fukia umeme, mtandao na maji kwa mpangilio

Umeme wa chumba usivutwe kwa waya wa kuongezea kutoka soketi ya jikoni. Chumba kipewe njia yake kutoka kibao kikuu, yenye sakiti breka yake na kifaa kinachokata umeme unapovuja kwa miliampea 30. Waya uwe na ngao ya chuma, ufukiwe kwa kina cha sentimita 50 au 60 au kama kanuni za mahali zinavyotaka, na juu yake kitandazwe kitambaa cha plastiki cha tahadhari. Kazi hii ni ya fundi umeme mwenye leseni. Kazi yako wewe ni kumpa orodha ya vifaa: hita ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 hula karibu ampea 9, na ukiongeza birika na kiyoyozi, unene wa waya hubadilika kabisa, hasa umbali unapokuwa mrefu.

Mtaro ukiwa bado wazi, laza bomba la pili kwa ajili ya kebo ya intaneti, likiwa mbali kidogo na la umeme, na bomba la tatu tupu lenye kamba ndani kwa ajili ya jambo ambalo hujalifikiria. Kuta za zege na paa la bati hudhoofisha mawimbi ya intaneti isiyo na waya, hivyo kebo si anasa. Kabla ya kufukia, piga picha za mtaro mzima huku futi ya kupimia ikionyesha umbali kutoka ukutani; picha hizo zitakuokoa siku utakapotaka kupanda mti.

Maji yaongezwe tu ikiwa kazi ya chumba inayadai. Sinki moja lina bomba la kuingiza na bomba la kutoa, na choo huhitaji bomba la sentimita 10 lenye mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Kwa umbali wa mita 12 huo ni mshuko wa sentimita 30, na ikiwa mdomo wa tangi la maji taka hauko chini kiasi hicho, ama sakafu ya chumba ipandishwe ama wazo la choo liachwe.

Hatua ya tisa: Jenga njia, maana ndiyo korido ya nyumba yako

Njia iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, isiachwe hadi fedha ikibaki. Upana wa sentimita 120 huwaruhusu watu wawili kupishana. Sentimita 90 hutosha mmoja aliyebeba sinia. Uso wake usiteleze ukilowa, na uinamie upande mmoja kwa sentimita 2 kwa kila mita ili maji yasisimame. Panapohitajika ngazi, vipandio vyote viwe na kimo kimoja, kwa sababu mguu hujikwaa kwenye kile kimoja kilichotofautiana. Taa ya njia iwe na swichi mbili, moja mlangoni mwa nyumba na nyingine mlangoni mwa chumba, ili asiwepo mtu wa kurudi gizani.

Uwezekano ukiwepo, funika njia kwa paa jepesi, au angalau urefushe upenu wa mlango uwe kibaraza cha mita 1.2, mahali pa kufungia mwavuli na kuvulia viatu. Tumia pia nyenzo moja inayotoka nyumba kubwa, kwa mfano rangi ileile ya fremu au vigae vilevile vya varanda. Chumba hakilazimiki kufanana na nyumba, ila jicho linapaswa kuona kwamba vinajuana.

Kandokando ya kuta acha ukanda wa sentimita 60 wa kokoto usiopandwa kitu. Maua yanayomwagiliwa ukutani hupendeza, lakini huulisha ukuta unyevu kila siku.

Hatua ya kumi: Kagua kabla ya malipo ya mwisho

Sehemu ya malipo ibaki hadi ukaguzi uishe, na jambo hilo liandikwe kwenye makubaliano ya awali. Weka gololi sakafuni uone kama inakimbilia kona moja. Funga na ufungue kila dirisha na kila mlango mara kumi. Kinachokwaruza leo kitakwama mvua zikianza. Bonyeza kitufe cha majaribio cha kifaa cha kukata umeme. Washa vifaa vyote kwa pamoja kwa saa moja, kisha gusa soketi kuona kama zimepata joto.

Mwishowe chukua mpira wa maji, umwombe mtu abaki ndani na tochi, na umwagie paa, madirisha na kizingiti cha mlango kwa dakika 15 kila upande, ukianzia chini na kupanda polepole ili mahali panapovuja pajulikane kwa hakika. Tone likionekana, fundi alirekebishe akiwa bado na ngazi yake ukutani.